Bendi Husikika Pamoja, Cheti Hutolewa kwa Mmoja

Tangu mtaala ulioboreshwa wa elimu ya sekondari uanze kutumika, kwanza kwa kidato cha kwanza cha mkondo wa amali, yaani wa ujuzi wa kazi, Januari 2024, kisha mwaka uliofuata kwa mkondo wa elimu ya jumla, mazungumzo kuhusu nafasi ya muziki shuleni yamegawa watu pande mbili hapa Arusha na Moshi. Upande mmoja unaona kwamba kumpa mwanafunzi alama kwa sababu anapuliza tarumbeta ni kugawa alama za bure, na kwamba watakaonufaika ni wale walioshindwa hisabati na fizikia. Upande wa pili, ambao aghalabu ni wa watu wanaoupenda muziki kwa dhati, unasema kipaji hutoka kwa Mungu na hakiwezi kuwekwa kwenye mizani ya A, B na C. Nadhani pande zote mbili zinatazama pasipo na tatizo. Upigaji wa ala katika bendi unapimika, tena kwa uwazi unaoyapita masomo kadhaa tunayoyaheshimu. Kinachopaswa kututia wasiwasi ni kwamba shule, zikibanwa na muda na fedha, zitapima mambo yaliyo jirani na muziki, yaani mahudhurio, sare, nadharia ya karatasini na shangwe za siku ya mahafali, kisha zitaandika kwenye cheti kwamba zimepima muziki. Na kwa kuwa shule zetu hufundisha kile kitakachotahiniwa, darasa la bendi litageuka kuwa chochote kile ambacho mtihani wake utakuwa.

Mikoa ya Arusha na Kilimanjaro hailianzi jambo hili leo. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na Ulutheri waliouleta ulitoka katika nchi ambako kwaya za matarumbeta zilikuwa sehemu ya ibada. Leo sharika nyingi za KKKT, za vijijini mlimani na za mjini, zina vikundi vinavyopiga nyimbo za kitabuni kwa sauti nne Jumapili, mazishini na kwenye sherehe. Ndugu zao wa mjini ni vikundi vya kukodi vinavyopanda nyuma ya pikapu Jumamosi alasiri na kuwasindikiza maharusi barabarani, honi zikijibizana na tromboni. Moshi ina shule ya polisi, ambako gwaride la kuhitimu halinogi bila bendi. Monduli kuna chuo cha maofisa wa jeshi, na huko pia mambo ni hayo hayo. Shule zetu za msingi na sekondari nazo zina bendi za ngoma na filimbi kwa ajili ya gwaride, mahafali na mapokezi ya Mwenge wa Uhuru. Kando ya yote haya zipo shule za kimataifa, ambako somo la muziki limekuwa na mitihani yake ya kutoka nje kwa muda mrefu.

Kila mapokeo kati ya hayo yana namna yake ya kupima, hata pale ambapo hakuna anayeuita mtihani. Katika kikundi cha usharika, kijana huketishwa kando ya mpigaji mzoefu, hupewa sauti isiyo na mambo mengi, na siku moja mwalimu akiridhika humwambia asogee kwenye sauti ya kwanza. Haandikiwi alama yoyote, lakini kila mtu ukumbini anajua nani yuko wapi na kwa nini. Hukumu ya namna hiyo ni kali na mara nyingi ni ya haki, ila ina upungufu wake: haiandikwi popote, kwa hiyo binti anayehamia Dodoma huanza tena mwisho wa safu, na haidai maelezo, kwa hiyo mwalimu mwenye upendeleo hana anayemhoji. Bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ABRSM, iliyoanzishwa mwaka 1889, imechukua njia iliyo kinyume kabisa. Ina madaraja manane. Mtihani wa kawaida una alama 150, ambapo vipande vitatu vya kupiga hupewa alama 30 kila kimoja, ngazi za sauti (nota zinazopanda na kushuka kwa mfululizo) alama 21, kusoma nota papo kwa papo 21 na usikivu wa sikio 18. Atakayefikisha 100 amefaulu. Mtihani wa muziki wa IGCSE, ule wa kimataifa wa sekondari wa Cambridge, hugawa kazi katika kusikiliza asilimia 40, kupiga 30 na kutunga 30. Katika mgawanyo wote huo hakuna hata alama moja ya kuhudhuria, wala ya kupendeza machoni.

Wamarekani, ambao katika sekondari zao bendi ni somo lililo kwenye ratiba sawa na kemia, wametufundisha upande mwingine wa jambo hili bila kukusudia. Kwa miaka mingi walimu wengi wa bendi huko wametoa sehemu kubwa ya alama kwa kufika mazoezini, kushiriki tamasha la jioni, kuja na ala na kuvaa sare inavyotakiwa. Viwango vya kitaifa vya elimu ya sanaa vilitolewa mwaka 1994, vikaandikwa upya mwaka 2014 vikisisitiza kubuni, kuwasilisha, kuitikia na kuhusianisha, lakini ni vya hiari, na mazoea ya zamani hayaondoki kwa waraka. Matokeo ya mazoea hayo ni rahisi kuyaona: karibu kila aliyefika anapata A, na A hiyo haimwambii mtu yeyote kama mwenye nayo anaweza kupiga.

Nianze na hoja iliyo dhaifu kuliko zote, kwamba muziki haupimiki. Inachanganya mvuto na ustadi. Kama wimbo umemgusa msikilizaji au haukumgusa, watu wanaweza kubishana hadi alfajiri na pasipatikane mshindi. Lakini kama kijana ameingia pigo moja kabla ya wenzake, kama nota yake ya juu imekaa chini ya kimo chake, kama pumzi imemwishia katikati ya sentensi ya muziki, au kama ameshindwa kusoma mistari minne ambayo hajawahi kuiona, hayo ni mambo ambayo wasikilizaji wawili wenye masikio yaliyofunzwa hukubaliana haraka. Ningethubutu kusema wanakubaliana upesi kuliko walimu wawili wanaosahihisha insha moja ya Kiswahili. Na kama hofu ni upendeleo, dawa yake inajulikana na haina gharama: orkestra nyingi za Marekani huwasikiliza waombaji wa kazi wakiwa nyuma ya pazia ili jina, jinsia na sura visiingie katika hukumu. Pazia halijawahi kuwa bidhaa adimu Moshi.

Hoja ya alama za bure ina uzito zaidi, nami siwacheki wanaoitoa. Daraja la kidato cha nne huhesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi mtahiniwa, A ikiwa pointi 1 na F pointi 5, na daraja la kwanza huishia pointi 17. Kwa hesabu hiyo, somo moja lenye A nyepesi linaweza kumvusha mtu kutoka daraja moja hadi jingine, na mzazi ambaye mwanawe amekesha na baiolojia ana haki ya kuuliza. Ninachopinga ni hitimisho lake. A huwa nyepesi pale tu inapotolewa kwa kufika. A inayodai kupiga ngazi za sauti kwa usafi, kusoma papo kwa papo na kushika sauti yako katikati ya nyingine tatu ni miongoni mwa A ngumu kuzipata, kwa sababu huwezi kuikariri usiku wa kuamkia mtihani. Midomo na pumzi hujengwa kwa miezi.

Hapa ndipo tunapofika kwenye ugumu wa kweli, ambao kambi zote mbili zimeuruka: bendi husikika kwa pamoja, ilhali cheti hutolewa kwa mtu mmoja. Niliwahi kuhudhuria mahafali katika shule moja ya sekondari mjini Moshi ambako bendi ilipiga Wimbo wa Taifa kwa namna iliyowafanya wazazi wageukiane kwa furaha, na baadaye mwalimu wake akanieleza, bila kuficha lolote, kwamba walioubeba wimbo ule walikuwa wanne na wengine walikuwa wanajaza safu. Hakuwa na hatia yoyote. Kazi ya bendi nzuri ni kuficha udhaifu wa mmoja ndani ya nguvu ya wengi. Tarumbeta mbili hodari kwenye sauti ya kwanza na tuba moja imara chini yake zinatosha kumridhisha msikilizaji wa kawaida, hata kama sauti za kati zinapulizwa kwa mashaka au hazipulizwi kabisa. Kwa hiyo alama ya pamoja inayotolewa kwa onyesho la pamoja humsifu mwalimu, pengine kwa haki, lakini kuhusu mwanafunzi aliyeketi kiti cha mwisho haisemi chochote.

Wanaotetea alama za mahudhurio wana jibu, na ni jibu zuri kuliko yote niliyoyasikia upande huo. Wanasema bendi si hisabati. Mwanafunzi akikosa kipindi cha hisabati anajidhuru mwenyewe, lakini mpiga besi akikosa mazoezi wenzake ishirini wanafanya kazi juu ya hewa. Uaminifu wa kufika, wanasema, ni sehemu ya ustadi wenyewe, na kiongozi yeyote wa kikundi cha harusi atakwambia afadhali mpigaji wa wastani anayefika kuliko fundi asiyejulikana alipo. Yote hayo ni kweli. Tofauti yangu nao ni juu ya mahali pa kuuweka ukweli huo. Mahudhurio yanafaa kuwa sharti la kuruhusiwa kufanya mtihani. Yakigeuzwa kuwa alama yanaanza kulipia upungufu wa kupiga, na aliyefika kila siku bila kujifunza anakuwa sawa na aliyejifunza. Tena, katika shule za kutwa, wanaokosa mazoezi ya alasiri mara nyingi ni wale wanaowahi daladala ya mwisho kurudi Usa River au Himo, na sioni kwa nini umbali wa nyumbani uonekane kwenye alama ya tarumbeta.

Ipo njia ya kupima umoja bila kumficha mtu, na makanisa yetu yamekuwa nayo siku zote bila kuifikiria kama mtihani: wimbo mmoja wa sauti nne, mtu mmoja kwa kila sauti. Katika kundi la wanne hakuna safu ya kujazwa. Anayepiga sauti ya tatu akikosea, pengo linasikika hapo hapo. Na bado analazimika kuwasikiliza wenzake, kupunguza sauti wanapopunguza, kurekebisha kimo chake kifuate cha besi. Mtahini mmoja anaweza kuwaandikia alama wote wanne, kila mmoja kwa jina lake, katika wimbo ule ule.

Swali lenye utata zaidi ni kama tupime kiwango alichofikia mwanafunzi au umbali aliotembea. Tuwafikirie wawili. Mmoja amekulia Machame, baba yake anapiga tuba kanisani, na alishika tarumbeta kabla hajajua kuandika jina lake. Mwingine ametoka Longido na ameiona tromboni kwa karibu kwa mara ya kwanza alipoingia kidato cha kwanza. Tukipima kiwango peke yake, kwa sehemu kubwa tutakuwa tunawapa alama wazazi wa yule wa kwanza, na yule wa pili ataona mapema kwamba mbio hizi hazikuandaliwa kwa ajili yake. Tukipima umbali peke yake, cheti kitamdanganya anayekisoma, kwa kuwa mwenye kikundi anayetafuta mpigaji hahitaji kujua kijana alianzia wapi. Isitoshe, wanafunzi wajanja watajifunza kupiga vibaya katika jaribio la kwanza ili wapate nafasi ya kupanda. Naona jibu limo katika muundo tulionao tayari. Utaratibu ambao Baraza la Mitihani, NECTA, imeutumia kwa kidato cha nne huhesabu asilimia 30 kutokana na tathmini endelevu na asilimia 70 kutokana na mtihani wa mwisho. Tathmini endelevu ya darasa la bendi ibebe umbali: rekodi fupi za kila muhula, mwanafunzi akipiga ngazi na kipande kile kile, mwalimu akiandika kilichobadilika. Mtihani wa mwisho ubebe kiwango, bila huruma na bila historia ya mtu. Kijana wa Longido aliyepanda kwa kasi atalipwa kwa kupanda, na cheti hakitadai kwamba amefika asipofika.

Haki hiyo haitakuwepo kama ala zenyewe hazipo, na hili linasemwa kwa haraka mno katika mijadala yetu. Katika shule nyingi tarumbeta moja inashirikiwa na wanafunzi watatu au zaidi, inafungiwa stoo baada ya saa kumi, na funguo anazo mtu aliyesafiri. Shule iweke daftari la saa ambazo kila mwanafunzi amepata ala mkononi, na daftari hilo likionyesha ufinyu lihesabiwe dhidi ya shule wakati wa ukaguzi. Hali ya ala nayo ina uzito kuliko wasioipiga wanavyodhani. Vali ya kwanza na ya tatu za tarumbeta zikibonyezwa pamoja, kama kwa ile D ya chini, nota hupanda kidogo juu ya kimo chake, na mpigaji hulazimika kusukuma nje mrija wa vali ya tatu ili aishushe; ala ya shule ambayo mrija huo umeganda kwa kutu na kukosa mafuta haimpi mwanafunzi njia ya kuipiga nota hiyo sawasawa, hata awe na sikio la namna gani. Arusha iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na asubuhi ya Julai shaba iliyolala stoo huwa baridi kiasi cha kushusha sauti ya ala nzima mpaka pumzi iipashe moto. Mtahini anayemwita mtoto saa mbili kamili asubuhi, bila kumpa dakika kumi za kupasha ala, atakuwa ameipima hali ya hewa.

Kinachoweza kuyaharibu yote haya ni hesabu rahisi ya muda. Mtihani wa daraja la kwanza la ABRSM huchukua takriban dakika 12 kwa mtahiniwa. Darasa la wanafunzi 40 likitahiniwa mmoja mmoja kwa muda huo linahitaji dakika 480, ambazo ni saa nane za mtahini mwenye ujuzi, pamoja na nauli na posho yake. Karatasi ya nadharia huwamaliza wote 40 kwa saa mbili mbele ya msimamizi mmoja ambaye si lazima ajue muziki. Mbele ya hesabu hiyo, afisa yeyote mwenye bajeti finyu atavutwa kuelekea karatasi, na hatakuwa na nia mbaya. Nadharia ina thamani yake, nami ningependa kila mpigaji anayesoma solfa (do, re, mi) kanisani ajue pia nota za mistari mitano, kwa kuwa bendi za polisi na za jeshi husoma nota hizo. Ila mwanafunzi anaweza kutaja ngazi zote za sauti kwa maandishi na asiweze kupiga hata moja, na karatasi haitamgundua kamwe.

Makundi ya wanne yanapunguza gharama hiyo kwa kiasi ambacho wapangaji hawajakizingatia. Wanafunzi 40 ni makundi kumi. Kwa dakika 12 kila kundi, hizo ni saa mbili. Mkiongeza dakika nne kwa kila mwanafunzi peke yake, kwa ngazi moja na mistari michache ya kusoma papo kwa papo, ni dakika 160 nyingine, na kazi yote inaisha chini ya saa tano. Ikirekodiwa kwa simu, mtahini wa pili anaweza kuisikiliza kutoka mji mwingine, na mzazi akikata rufaa kuna kitu cha kurudia kukisikiliza. ABRSM yenyewe imekuwa ikipokea mitihani ya kupiga kwa njia ya video tangu mwaka 2020, kwa hiyo hatungekuwa wa kwanza kuiamini rekodi.

Kundi la kwanza la mkondo wa amali linatarajiwa kumaliza kidato cha nne mwaka 2027, masomo yake ya jumla yakiwa chini ya NECTA na ujuzi wa fani chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Popote ambapo muziki umechaguliwa kuwa fani, cheti chake kitakutana na soko lisilo na subira. Kiongozi wa kikundi cha matarumbeta hataomba kuona karatasi, atamkabidhi kijana ala na kumwambia, "Hebu piga." Vyeti vikitofautiana na kinachosikika kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo, havitasomwa tena na mtu, hata vile vya waliostahili. Ndiyo maana ningetaka cheti kitaje ala, sauti aliyopiga mtahiniwa katika kundi la wanne, na kama anasoma nota au hasomi, badala ya neno "Muziki" likifuatwa na herufi moja.

Linabaki swali la nani atakaa kwenye kiti cha mtahini. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kule Usa River kinafundisha muziki, na TaSUBa ya Bagamoyo imekuwa ikizalisha wasanii waliofunzwa tangu ilipoanza mwaka 1981 ikiwa chuo cha sanaa, lakini wahitimu wa vyuo hivyo hawatoshi kuzifikia shule zote za nchi hii. Wanaotosha wapo mitaani: wastaafu wa bendi za polisi na jeshi, na walimu wa matarumbeta wa sharika ambao wameketi mbele ya wanafunzi kwa miongo kadhaa. Wengi wao hawana cheti cha ualimu, na kwa taratibu za kawaida hawaruhusiwi kuandika alama ya mtu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, tayari ina utaratibu wa kuurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, unaotumiwa na mafundi waashi na wa magari. Kuwafungulia mlango watu hawa, wakapewa mafunzo mafupi ya kutumia fomu moja ya alama, ni kazi inayoweza kukamilika kabla watahiniwa wa 2027 hawajaitwa.